Kwa Nini Mjuzi Hushindwa Kueleza: Kuzungumza Mbele ya Watu

Wengi wanaoogopa kusimama mbele ya wenzao huamini wamepungukiwa na kitu kimoja tu, ujasiri, na kwamba wakiupata huo mengine yatakuja yenyewe. Ndiyo maana ushauri unaorudiwa sana kwenye semina na video ni wa kujipa moyo: simama wima, tabasamu, watazame watu machoni, jiamini. Sina ugomvi nao. Lakini nimewasikiliza watu jasiri kupindukia, waliosimama wima na kutabasamu, wakazungumza karibu saa nzima, na ukumbi ukatoka bila mtu kuweza kumweleza mwenzake kilichosemwa. Nimewasikiliza pia watu waliotetemeka mikono na kukwama sauti mwanzoni, wakaacha jambo ambalo wasikilizaji wao bado wanalitaja hadi leo.

Ninavyoona mimi, tofauti yao haiko kwenye ujasiri. Wa kwanza hujifikiria mwenyewe anapozungumza, wa pili humfikiria anayemsikiliza. Ukichunguza hofu, slaidi zilizojaa maandishi, kula muda wa wengine, au kusoma karatasi neno kwa neno huku umeinamisha kichwa, utakuta chanzo ni hicho hicho. Nitaeleza kwa mfano mmoja nitakaotembea nao, kwa sababu ushauri usio na mfano haumsaidii mtu anayepanda jukwaani kesho asubuhi.

Tuseme wewe ni afisa ugani. Umeitwa kwenye mkutano wa kijiji kuzungumzia sumukuvu kwenye mahindi. Somo hili umelisoma chuoni, umelifanyia mtihani, unalijua nje ndani. Mbele yako wamekaa wakulima, baadhi yao walianza kulima mahindi kabla hujazaliwa. Mwenyekiti wa kijiji anakukaribisha. Utaanzaje?

Wengi wangeanza hivi: "Sumukuvu ni kemikali zenye sumu zinazozalishwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, hususan Aspergillus flavus, katika mazingira yenye joto na unyevunyevu." Ni kweli yote. Hakuna atakayeipinga sentensi hiyo, wala hakuna atakayerudi nayo nyumbani.

Wimbo unaousikia peke yako

Mwaka 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alifanya jaribio ambalo kila mwalimu na kila mtoa mada angepaswa kulijua. Aliwagawa watu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa nyimbo zinazojulikana na kila mtu, kama ule wa kumtakia mtu heri ya siku ya kuzaliwa, wagonge mapigo yake mezani kwa vidole. Kundi la pili lilisikiliza na kubashiri ni wimbo gani. Kabla ya majibu, wagongaji waliulizwa wanadhani wenzao watapatia kwa kiasi gani. Walikadiria nusu. Zikagongwa nyimbo 120. Zilizotambuliwa zilikuwa 3.

Wagongaji hawakuwa wazembe. Kila mmoja alipogonga meza, kichwani mwake alikuwa akiusikia wimbo mzima, maneno na ala zake zote. Aliyekaa upande wa pili alisikia ko, ko-ko, ko. Mgongaji hawezi kuuzima wimbo huo kichwani ili asikie anachosikia mwenzake, na ndiyo maana anashangaa: inakuwaje mtu asitambue kitu rahisi namna hii?

Hicho ndicho kinachompata mjuzi anapotoa mada. Wewe ukitamka "Aspergillus flavus", unaona maabara, unaona vumbi la kijani-manjano kwenye gunzi, unakumbuka kurasa za kitabu. Mkulima anasikia ko-ko-ko. Anakaa kimya kwa heshima, na wewe unauchukua ukimya huo kuwa ni kuelewa. Kadiri unavyozidi kulijua jambo ndivyo hatari hii inavyozidi, na kwa hiyo madaktari, wahandisi, wahasibu na wahadhiri ndio waathirika wakubwa wa tatizo hili, kuliko watu wasio na elimu kubwa.

Kinachosaidia ni kuanza na kile ambacho msikilizaji ameshakiona kwa macho yake. Mkulima anayajua mahindi yaliyoshika ukungu. Anaijua harufu ya uvundo ya gunia lililonyeshewa. Anajua kwamba punje zile mbovu hutengwa zikapewa kuku. Anzia hapo. Kisha mwambie lililotokea mashariki mwa Kenya mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani: watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, baada ya kula mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa mabichi. Mengi yalikuwa mahindi ya shambani mwao wenyewe. Sasa kila aliyekaa pale ana swali moja kichwani: je, yangu yako salama?

Hapo toa chupa. Kuna kipimo cha kienyeji ambacho maafisa ugani wengi wanakijua. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia chumvi iliyokaushwa vizuri kiasi cha robo, unaongeza punje za mahindi hadi chupa ifike nusu hivi, unafunga na kuitikisa kwa dakika moja au zaidi. Unaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaopita takriban asilimia 15, hayafai kuingia ghalani. Isiponata, yanaweza kuhifadhiwa.

Sasa angalia kilichotokea kwenye mkutano wako. Mzee mmoja ameleta mahindi ya kwake, umeyatikisa mbele ya wote, umeiweka chupa mezani. Una robo saa, na katika robo saa hiyo hakuna atakayeondoka, kwa sababu kila mtu anasubiri jibu. Ndani ya muda huo ndipo unapoeleza kuvu ni nini, kwa nini anapenda joto na unyevu, kwa nini kupika ugali hakuiondoi sumu, kwa nini mahindi yaanikwe juu ya turubai badala ya kumwagwa ardhini. Hata lile jina la kisayansi, ukilitaka, sasa lina mahali pa kukaa. Habari ni ile ile uliyokuwa nayo mwanzo. Umebadilisha mpangilio tu, na umeupanga kwa kufuata maswali yanayozaliwa kichwani mwa msikilizaji badala ya kufuata sura za kitabu chako.

Sentensi moja

Ili uweze kupanga hivyo, lazima ujue unakwenda wapi. Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi uandike sentensi moja: wakitoka hapa, nataka wafanye nini? Kwa afisa wetu sentensi ni hii: "Kabla ya kuyaweka mahindi ghalani, yapime kwa chumvi." Usiandike mada, kama "umuhimu wa kudhibiti sumukuvu". Mada si sentensi, haimwambii mtu chochote cha kufanya.

Sentensi hiyo ikishaandikwa, inakuwa ungo. Kila ulichotaka kusema kinapita hapo: kinaisaidia sentensi hii, au ni kitu ninachokijua tu na ningependa watu wajue kuwa nakijua? Kundi la pili litoke lote. Inauma kuliko watu wanavyotarajia. Mtu aliyetumia miaka kukusanya maarifa huona kuyaacha nje ni kama kuwadanganya wasikilizaji. Lakini msikilizaji hawezi kurudi nyuma ukurasa mmoja kama msomaji. Kikimpita, kimepita.

Nyerere aliijua sana kazi hii ya kuchuja. Alipolitangazia taifa mwaka 1978 kwamba Tanzania itampiga Idi Amin, nyuma ya tangazo lile kulikuwa na historia ndefu, diplomasia na hesabu za kijeshi. Waliosikiliza walibaki na mambo matatu, uwezo, sababu na nia ya kumpiga, kila moja katika sentensi fupi, zote tatu zikiwa na umbo moja. Leo hii vijana waliozaliwa baada ya vita vile wanaweza kuzisema. Na mwaka 1995, alipozungumza na waandishi wa habari katika Hoteli ya Kilimanjaro, aliyapanga matatizo mengi ya nchi kama nyufa katika nyumba moja. Kila tatizo jipya alilolitaja lilikuwa ufa mwingine, na msikilizaji hakupotea njiani hata kidogo.

Hofu

Hofu ipo, wala haina haja ya kuonewa aibu. Mwili ukihisi unatazamwa na kupimwa na watu wengi, humwaga adrenalini: moyo unaenda mbio, viganja vinatoka jasho, mate yanakauka, pumzi inakuwa fupi. Ni maandalizi yale yale ambayo mwili hufanya mbele ya hatari yoyote. Kitu kinachoongeza mateso ni imani kwamba kila mtu anakuona. Na hapo kuna habari njema. Mwaka 2003, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili: wazungumzaji walidhani wasiwasi wao unaonekana wazi, ilhali wasikilizaji waliuona kwa kiasi kidogo kuliko walivyodhani. Wakaenda hatua moja mbele. Baadhi ya washiriki walielezwa ukweli huo kabla ya kuzungumza, kwamba mdundo wa moyo wako unausikia wewe tu na hakuna mwingine anayeusikia. Hao walizungumza vizuri zaidi, kwa kipimo chao wenyewe na kwa kipimo cha waliowasikiliza. Kwa hiyo kujua tu ni dawa, nami naandika aya hii nikitumaini itafanya kazi hiyo hiyo kwako.

Jambo la pili ni kuacha kujilazimisha utulie. Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, kwamba watu waliojiambia wana hamasa kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Inaeleweka. Mwili uliokwisha kuwaka hauzimwi kwa amri, ila hamasa na woga zinafanana sana mwilini, na ni rahisi kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa kabla ya kuitwa. Kunywa maji. Na sentensi zako mbili za kwanza zikariri kabisa, hizo tu, kwa sababu dakika ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, na ukishaivuka akili inaanza kurudi mahali pake.

Hapa nigusie uzushi mmoja unaowatesa watu bure. Huenda umeambiwa kwenye semina kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, na maneno ni asilimia 7 pekee. Takwimu hiyo ilitokana na tafiti mbili za Albert Mehrabian za mwaka 1967, ambamo watu walisikiliza neno moja moja likitamkwa kwa sauti tofauti, au wakitazama picha za nyuso, kisha wakakisia kama msemaji anapenda au anachukia. Ilihusu hisia, tena pale maneno na sura vinapopingana. Mehrabian mwenyewe amekataa isitumike kwa mazungumzo yote. Ingekuwa kweli, ungeweza kumsikiliza mtu anayezungumza lugha usiyoijua ukaelewa karibu kila kitu. Kwa hiyo acha kuhangaika mikono uiweke wapi. Ukiwa unawaza watu wameelewa au la, mikono itajua.

Kuzoeza mdomo

Agosti 28, 1963, mbele ya watu wapatao 250,000 jijini Washington, Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alikuwa akisoma hotuba iliyoandikwa. Kuelekea mwisho, mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa karibu naye, akampigia kelele awaeleze watu kuhusu ile ndoto yake ya usawa. King akaiacha karatasi, na sehemu ambayo dunia nzima inaikumbuka haikuwamo kwenye maandishi yale. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama ushahidi wa kipaji na uvuvio wa ghafla. Wanasahau kwamba ndoto hiyo alikwisha kuihubiri Detroit mwezi Juni mwaka huo huo, na kabla ya hapo Rocky Mount, North Carolina, mwezi Novemba 1962. Jackson aliijua kwa sababu ilishasemwa. King aliweza kuiacha karatasi kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umeyazoea maneno yale kwa muda mrefu.

Kuzungumza ni kazi ya mdomo, na mdomo haufundishwi kwa kusoma kimyakimya. Mtu anayepitia maandishi yake kwa macho mara nyingi usiku kucha bado hajafanya zoezi hata moja. Simama, sema kwa sauti, wakisikia majirani wasikie. Jirekodi kwa simu. Kisha sikiliza, hata kama hakuna anayependa kusikia sauti yake mwenyewe. Utagundua sentensi iliyopendeza kwenye karatasi inakukata pumzi katikati, na kwamba kuna mahali unaruka jambo muhimu kwa sababu kwako ni la kawaida. Usikariri yote neno kwa neno, maana ukisahau neno moja jengo lote linaanguka. Kariri mpangilio: kwanza ukungu, kisha Makueni, kisha chupa. Maneno yatakuja, kila mara tofauti kidogo, na yatasikika kama mtu anayezungumza.

Katika rekodi hiyo hesabu pia vijazio vyako. Kila mtu anavyo: "yaani", "eeh", "nini hii". Watumishi wa ofisi wana vya kwao, "kwa namna moja au nyingine", "suala zima la", "kimsingi". Vinaingia pale akili inapotafuta neno linalofuata na mdomo unaogopa kukaa kimya. Hakuna haja ya kuvifukuza kwa nguvu. Nyamaza tu. Ukimya wa sekunde mbili kwako unaonekana mrefu mno, kwa msikilizaji ni nafasi ya kumeza ulichokwisha kusema. Na anayeharakisha ajue kwamba kwenye ukumbi wenye mwangwi, au kwa kipaza sauti cha kuazima, maneno yanapandana, na nusu ya ukumbi inasikia ngurumo tu.

Slaidi, itifaki na saa

PowerPoint ilitoka mwaka 1987, na tangu hapo watu wengi wameihamishia hotuba yao yote ukutani. Shida ni kwamba kusoma na kusikiliza maneno vinagombea sehemu ile ile ya akili. Ukiweka aya ukutani na papo hapo ukazungumza, msikilizaji atachagua kimoja, na mara nyingi atasoma, kwani anasoma haraka kuliko unavyosema. Akimaliza anakusubiri, na akikusubiri anatoa simu. Picha na mchoro ni tofauti. Picha ya gunzi lenye ukungu na sauti yako vinasaidiana. Maandishi marefu wape kwenye karatasi mwishoni. Na jiandae uweze kuzungumza bila slaidi hata moja, maana umeme hukatika na projekta hugoma.

Kuhusu mwanzo, kwenye mikutano yetu dakika za kwanza humezwa na salamu kwa mgeni rasmi, meza kuu, waheshimiwa mmoja mmoja. Heshima ni lazima, sishauri mtu aipuuze. Lakini kama waliotangulia wameshawataja wote, "itifaki imezingatiwa" inatosha. Kijijini, shikamooni ya dhati kwa wazee na shukrani kwa mwenyekiti inafanya kazi kubwa kuliko orodha ya vyeo.

Kisha muda. Uliahidiwa dakika ishirini, mgeni rasmi akachelewa, ratiba ikasogea, na sasa mshereheshaji anakunong'oneza una dakika saba. Asiyejiandaa huchagua kukimbia: anasema yale yale ya dakika ishirini kwa kasi mara tatu, slaidi zikipita kama gari moshi. Lijue hili kabla: hakika kabisa litakupata siku moja. Tayarisha toleo la dakika tano tangu nyumbani, na ujue katika toleo refu kipande gani cha katikati kitaondoka. Usikate mwisho, kwa sababu pale ndipo ilipo sentensi yako. Afisa wetu akipewa dakika saba, aitikise chupa mapema kabla mkutano haujaanza, aje nayo ikiwa imeshatulia.

Maswali

Kwetu maswali huchukuliwa kwa mafungu, watu wanne au watano mfululizo, ndipo mtoa mada hujibu. Uwe na kalamu. Andika swali na alama ya kumtambulisha aliyeuliza, la sivyo la tatu utalisahau na mwenyewe ataona umemdharau. Usilolijua sema hulijui, chukua namba ya simu ya muulizaji, na umpigie kweli. Jibu la kubuni likigundulika, watu hutilia shaka hata yale ya kweli uliyosema mwanzo.

Na atasimama mzee ambaye hana swali, ana mchango: "Sisi tumekula mahindi haya tangu enzi za babu zetu, hatukufa." Ukumbi utacheka, na wewe utashawishika kujitetea. Usijitetee. Hilo ndilo pingamizi la kweli la ukumbi mzima, na amekusaidia kulitoa nje. Mjibu kwa heshima anayostahili: "Mzee wangu, ni kweli, wengi hawafi siku ile ile. Sumu hii ikiwa kidogo kidogo inakaa na mtu miaka mingi, inaharibu ini polepole, na mwisho inaweza kuleta saratani ya ini. Ndiyo maana hatukuwahi kuihusisha na mahindi." Hapo umemjibu mzee na umewajibu waliokuwa wakiwaza kama yeye wakaona haya kusema.

Swali la mwisho mara nyingi huwa nje ya mada: mbolea ya ruzuku imefikia wapi, barabara italimwa lini. Ukiketi mara baada ya kulijibu, watu wataondoka na barabara. Omba nusu dakika kwa mwenyekiti, sema sentensi yako mara moja zaidi, kwamba kabla ya kuyaweka mahindi ghalani wayapime kwa chumvi, shukuru, kaa.